Kinundu cha Saba

Nilisikia, nikasema sijasikia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sina haja ya kuipaka rangi.

Chumba cha kupimia hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilivikwa sponji ya kijivu na hewa ilinuka spiriti. Kifuani nilibandikwa nyaya tatu za kuchunga mapigo ya moyo, maana pale walipopachika chuma chao, kwenye shina la ubongo, ni jirani na mahali panapoamua mtu apumue au asipumue. Muuguzi alisimama kando ya skrini ya moyo. Mpimaji wa masikio, mwanamume mwembamba ambaye miwani yake haikukubali kutulia puani, alikaa mbele ya kompyuta. Na kwenye kona, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mdogo wangu wa kike, daftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi, magoti yamebanana kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Mpimaji akanyoosha kidole kimoja: kinundu cha kwanza. Kile chuma kilikuwa na vinundu kumi na viwili, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini, na kazi ya siku ile ilikuwa kuvipitishia umeme kimoja kimoja na kuniuliza nimepata nini. Akabonyeza. Ndani ya kichwa changu, baada ya miaka miwili ya ukimya, kitu kikagonga. Kiligonga mara tatu, kizito, kwa mbali, kama sufuria inayogongwa chumba cha pili. Mpimaji akageuza ubao mdogo alioandika: UMESIKIA?

Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameacha kupumua.

"Hapana," nikasema.

Ili mtu anielewe, na sisemi anihurumie, inabidi nirudi nyuma.

Kiwandani waliniita Sikio. Kilikuwa kiwanda cha kushona sare: mistari minne, cherehani themanini za umeme, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kuzitengeneza. Mafundi wengine husubiri mashine ife ndipo waitwe. Mimi nilipita kati ya mistari asubuhi, mikono nyuma, na kabla sijafika mwisho nilishajua ya ngapi ina bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, iliyolegea, ya ngapi imekaukiwa mafuta, na ya ngapi itavunja sindano kabla ya chakula cha mchana. Nikiwa na shaka, nilisimamisha ncha ya bisibisi juu ya kichwa cha mashine, mpini nikauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Hapo mashine ilinieleza yote. Na kila nilipoukamata ugonjwa, kichwa changu kiliinama upande wa kulia, chenyewe, bila kukituma. Washonaji waliniiga wakacheka, lakini wakiona kichwa kimeinama walizima mashine bila kuambiwa.

Mdogo wangu alikuwa msimamizi wa mstari wa pili. Ni mimi niliyemwingiza kiwandani, na ni mimi niliyemlea tangu mama yetu afariki, yeye akiwa darasa la tano. Nayasema haya mapema kwa sababu nilikuwa nikiyasema kila siku, na nadhani ndiyo yaliyotufikisha tulikofika.

Uvimbe ulianza upande wa kushoto, kwenye neva ya kusikia. Walipoutoa, uliondoka na sikio. Mwaka uliofuata ukaota wa pili upande wa kulia, na huo haukusubiri kisu. Ulininyonya sauti kidogo kidogo. Kwanza zikaenda zile nyembamba, za skrubu na bobini; kisha injini; kisha watu. Siku moja nilisimama katikati ya mashine themanini, zote zinashona, nisisikie hata moja. Kiwanda kikanihamishia stoo, kupanga vifungo kwa rangi.

Tangu hapo mdogo wangu akawa masikio yangu. Alibeba daftari kila tulikokwenda. Nilitaka niandikiwe kila kitu: taarifa ya habari, umbea wa majirani, vichekesho vya washonaji hata visivyochekesha. Akichelewa, nilimgongea meza. Akifupisha nilijua, maana midomo ya watu ilikuwa imesogea muda mrefu kuliko sentensi aliyoniletea, nami nilimwambia mbele za watu kwamba ni mwizi wa maneno. Akapata mchumba, fundi bomba, mtu mpole. Jumapili ya tatu ya kuja kututembelea, nilidai niandikiwe hata yale wanayonong'onezana. Yule bwana alilichukua daftari mwenyewe, akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Naomba ruhusa niondoke, dada." Hakurudi tena. Mimi nilicheka. Leo nikikumbuka kwamba nilicheka, naona aibu.

Daktari mpasuaji alipotueleza habari za kipandikizi, nilikataa. Alisema kwamba neva zote mbili zikishakufa, vifaa vya kawaida vya sikioni havitanifaa; njia iliyobaki ni kuziruka neva na kupachika vinundu moja kwa moja kwenye shina la ubongo, siku ileile ya kutoa uvimbe. Alikuwa mkweli. Alisema wengi hawapati maneno. Wanapata kelele, mapigo, kitu cha kuwasaidia kusoma midomo. Hapo ndipo aliponipoteza. Mtu aliyezoea kutambua skrubu moja kati ya mashine themanini hawezi kupewa makelele akaambiwa ashukuru. Nilisema kama siwezi kusikia vizuri, sitaki kusikia vibaya. Nilisema mara tatu, na mara ya mwisho, kwa jinsi nilivyoona watu wanageuka, nadhani nilisikika hadi getini. Mdogo wangu aliandika: "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikampokonya kalamu nikaandika chini yake: "Na sikio halizidi kichwa. Mkubwa hapa ni mimi."

Wiki ya upasuaji kichwa kiliniuma hata nikawa naona kila kitu viwiliviwili. Akaniletea karatasi kitandani. "Ya kuondoa uvimbe," aliandika kwa herufi kubwa ili nizione. Nikatia saini. Akaweka ya pili juu yake, kiganja chake kimefunika maandishi, mstari wa saini tu umebaki wazi. Nikauliza hii nayo ya nini. Akaandika neno moja: "Nakala." Baadaye daktari akaja, akazungumza akinitazama usoni, barakoa imemficha mdomo. Alimalizia kwa swali. Niliona nyusi zake zikipanda. Mdogo wangu akaandika: "Anauliza kama uko tayari."

Nikaitikia kwa kichwa. Hata nilitabasamu.

Nilipozinduka, nyuma ya sikio la kulia, chini ya bandeji, palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, ambacho hakikuwa changu. Nilivyoshangaa mimi ndivyo daktari alivyoshangaa kuniona nashangaa. Akaleta faili, akanifunulia ukurasa wenye saini yangu. Macho yalikuwa yameanza kutulia. Niliusoma mstari kwa mstari. Nilipomaliza nikamtafuta mdogo wangu chumbani. Alikuwa amesimama dirishani akinipa mgongo, na mabega yake hayakuwa mabega ya mtu anayejuta.

Kwa hiyo wiki nane baadaye, waliponikalisha kwenye kile kiti wawashe chuma chao, nilikuwa nimeshaamua. Mdogo wangu alitaka nisikie kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Sawa. Hatakipata.

Kinundu cha pili kiligonga, chembamba kidogo. "Hapana." Cha tatu kilinikereketa koo nikakohoa, na hilo nililisema kweli kwa sababu muuguzi alishaona. Cha tano kilinirusha kope. Cha nane kilinipa kizunguzungu hadi nikashika mikono ya kiti. Hivyo vitatu mpimaji alivifunga palepale, akatia msalaba kwenye karatasi yake. Cha mwisho hakikuniletea chochote, Mungu shahidi. Vilivyobaki vyote nilivisikia na vyote nikavikana, kimoja kimoja, uso mkavu. Mpimaji alipandisha umeme, akashusha, akapandisha tena, huku akifuta miwani kwa pindo la koti. Nilimwonea huruma kidogo. Yeye hakuwa amenikosea.

Kilichonipa taabu ni cha saba. Hicho hakikugonga. Kilikwaruza, haraka haraka, chuma juu ya chuma, na kwa sekunde mbili nzima nilikuwa mstari wa tatu, mbele ya mashine yenye bobini iliyolegea, mkono umeshaanza kutafuta bisibisi mfukoni. Nilitamani abonyeze tena. Nilitamani sana, na kutamani huko kulinikasirisha kuliko karatasi niliyodanganywa nayo, maana ilikuwa kama chuma chenyewe kimeungana na mdogo wangu dhidi yangu. Mpimaji alikuwa ameinamia kompyuta. Alipoinuka na ubao wake, uso wangu ulikuwa umesharudi mahali pake.

"Hapana," nikasema.

Alipomaliza vyote kumi na viwili nilibandua nyaya mwenyewe. Nilimwambia kitu chao kimekufa, wakifanyie maziko, nikatoka.

Mdogo wangu alinifuata kwenye korido. Hakufungua daftari. Alinishika mabega akanigeuza nimwone mdomo, akasema polepole, kila neno na nafasi yake. Nilisoma yote.

"Nimechoka kuwa masikio yako, Dada. Nimechoka. Ningekwambia kweli ungekataa, kwa sababu unakataa chochote ambacho kingenipa mimi nafasi ya kupumua. Nilikudanganya, na kesho ningekudanganya tena."

"Basi kaa ulie," nikamwambia. "Umenitoboa kichwa bure."

Hakulia. Alinitazama kwa jicho lile la msimamizi, analomtazamia mshonaji anayeapa kwamba hakukata uzi kwa meno. Kisha akarudi chumba cha kupimia peke yake. Alikaa huko karibu nusu saa. Alipotoka alikuwa na boksi la kifaa cha kuvaa: kipande cha kukaa nyuma ya sikio, na waya mfupi wenye kiduara cha sumaku kinachonasa kichwani juu ya kipandikizi. Kulikuwa na kikaratasi cha mpimaji: avae kila siku, hata akiona hakuna faida, ubongo hujifunza taratibu. Niliona ni maneno ya kumfariji mgonjwa. Tulipofika nyumbani nililitia boksi kwenye droo ya bobini mbovu, nikaifunga kwa goti.

Miezi minane tuliishi kama wapangaji wawili waliogombania choo. Alinipikia, nikala, nilimfulia, akavaa. Daftari aliliacha juu ya kabati, na kila lenye umuhimu aliliandika kwenye vipande vya bahasha: "Maji yamekatika." "Nitachelewa." Habari sikuandikiwa tena, wala umbea, wala vichekesho. Alijiunga na kwaya, yeye ambaye hakuwahi kuimba, na jioni alirudi uso umemnawiri. Niliona midomo yake ikijirudiarudia wimbo mbele ya jiko. Nilitaka kujua ni wimbo gani. Ningekufa kabla ya kuuliza.

Halafu likatokea lile la sindano. Mashine moja ya mstari wa pili ilikuwa inavunja sindano tangu asubuhi. Fundi mpya, waliyemwajiri baada yangu, alikuwa mtu wa kubadilisha vipuri vyote mpaka abahatike kukigusa kilichoharibika. Nilikuwa napita na trei ya vifungo. Sikuvumilia. Niliweka trei chini, nikaweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, nikaingiza kidole cha shahada chini ya mguu wa mashine kupapasa njia ya sindano. Mshonaji alikuwa ameinama kuokota kitambaa. Aliporudi kitini alikanyaga pedali.

Sindano ilipita katikati ya ukucha ikatokea upande wa pili. Sikuhisi maumivu mara moja. Nilichoona kwanza ni nyuso: mstari mzima ulikuwa umegeuka, lakini haukunitazama mimi. Ulimtazama mdogo wangu, aliyekuwa anakuja mbio na mdomo wazi. Baadaye waliniambia aliniita mara nne kabla mshonaji hajakanyaga. Watu ishirini walisikia.

Alizima umeme. Akalizungusha gurudumu la mashine kwa mkono wake, taratibu, jino kwa jino, mpaka sindano ikainuka ikatoka kidoleni. Akachana ukanda wa kitambaa cha sare, akanifunga. Kalamu hakuitafuta. Kisha akarudi kwenye kazi yake. Nilibaki nimesimama pale nikitafuta wa kumlaumu, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake sikumpata.

Wiki iliyofuata nilitoa boksi kwenye droo nikaenda hospitali peke yangu. Njiani nilijifunza sentensi zangu kama mtu anayekwenda kuungama. Nilitaka mashine zangu. Kama haziwezi kurudi zote, basi hata ile inayokwaruza.

"Nilikudanganya siku ile," nilimwambia mpimaji kabla hajaketi. "Nilisikia. Naomba unifungulie vinundu."

Alinitazama juu ya miwani. Hakukasirika, hakushangaa. Alivuta faili langu, akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari, akaiweka mbele yangu. Mwandiko niliujua kabla sijasoma. Kwa kalamu nyekundu, kama orodha ya dosari za mstari wa pili, ilikuwa imeandikwa:

"1, kichwa. 2, kichwa. 4, kichwa kidogo. 6, kichwa. 7, kichwa chote, na mkono umeenda mfukoni. 9, kichwa. 10, 11, kichwa. Dada yangu anadanganya. Akisikia, kichwa chake huinama kulia, hawezi kukizuia. Tafadhali viache wazi. Usimwambie mpaka aje mwenyewe."

Mpimaji akachukua ubao wake. "Mimi nilikuwa naangalia kompyuta," aliandika. "Yeye alikuwa anakuangalia wewe." Akafuta, akaandika tena: "Niliviwasha kwa kiwango cha chini siku ileile. Havijawahi kufungwa. Vilisubiri ukivae kifaa tu."

Mtu angedhani nililia kwa shukrani. Nilikasirika upya. Miezi minane nilijiona namwadhibu, kumbe alijua tangu kinundu cha kwanza. Alikaa nami meza moja akijua, akaimba mbele ya jiko akijua, akaniacha nikate pua kuunga wajihi. Hakunisihi hata mara moja. Aliniachia droo. Nilikaa kwenye kile kiti na karatasi mkononi, nikijaribu kuamua ni nani kati yetu aliyemtesa mwenzake zaidi, na kila nilipohesabu jibu lilikuja tofauti.

Imepita miaka kumi na moja. Maneno sijayapata, ila yale mafupi ninayoyatarajia, nikiwa naona mdomo. Muziki kwangu ni fujo. Sijamsamehe ile karatasi aliyoiita nakala, na yeye hajanisamehe fundi bomba. Tumeacha kuombana msamaha kwa sababu hakuna aliyewahi kuanza. Anaishi mtaa wa tatu sasa, ana kwaya yake, na hajashika tena daftari kwa ajili yangu. Lakini nikiulizwa ni lini nilirudi kazini, huwa nataja asubuhi moja, si ile ambayo mkurugenzi alinirudishia kazi ya ufundi, ila miezi kadhaa kabla yake.

Ilikuwa siku ya pili baada ya kutoka kwa mpimaji. Nilikivaa kifaa mlangoni mwa kiwanda. Mashine themanini zikaniangukia kwa pamoja, kama mvua ya mawe juu ya bati, hata nikashika ukuta. Hapakuwa na bobini wala mafuta wala skrubu, kulikuwa na kelele tu, ile niliyoiogopa na kuikataa mara tatu. Nusura nikibandue. Badala yake nilitembea, mikono nyuma, mpaka mstari wa tatu, nikasimama mbele ya mashine moja. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilitoa bisibisi, nikasimamisha ncha juu ya kichwa cha mashine, na mpini nikaugusisha kwenye kifaa. Kelele ikasogea pembeni kidogo. Katikati yake ukabaki mwendo mmoja, wa haraka, mkavu.

Nilikuwa nimeinama hivyo ndipo kitu kikagonga nyuma yangu, mara mbili, kifupi, na hakikuwa mashine. Mshonaji aliyekuwa mbele yangu aliinua macho akatazama juu ya bega langu. Kikagonga tena, mara mbili vilevile. Katika kiwanda kizima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeniita Dada, mapigo mawili.

Sikugeuka. Tangu nisome ile karatasi nyekundu nilikuwa nimeapa sitamgeukia, na kiapo nilikishika. Ila kichwa kiliinama kulia.

Kivuli chake kikasimama sakafuni karibu na changu. Kilikaa hapo muda wa kutosha mtu kuandika neno moja. Kisha kikaondoka kuelekea mstari wa pili, ambako kulikuwa na mashine imekwama.